Vijiko Vinne vya Magadi

Keki ya pili iling'ang'ania kopo kama mgeni asiyejua kuaga. Bi Kijiko alipitisha kisu ukingoni taratibu, akaligeuza kopo juu ya ubao, akaligonga kitako mara tatu. Zikatoka kingo tu. Katikati, pale palipodidimia kama shimo la barabarani, pakabaki humo humo, pabichi, pakinata. Akavuta pumzi, akachukua mwiko, akaanza kukwangua.

"Imekubali?" shemeji yake aliuliza kutoka dukani.

"Inajadiliana," alijibu, kwa sauti ile ile ya chini aliyoitumia kwa kila jambo, liwe la heri au la shari.

Watu walimwita Bi Kijiko kwa sababu hakuwahi kupima kitu kwa kukisia. Kila kijiko alikisawazisha juu kwa mgongo wa kisu, hata cha chumvi. Hakufundishwa na mtu. Kuoka alijifunza kwenye vitabu, ukurasa kwa ukurasa, na kwa kuwa hakuwa na mwalimu mwingine, alikiheshimu kila kilichoandikwa. Kitabu kikisema koroga mara thelathini, alikoroga thelathini, midomo ikihesabu.

Chumba alichokuwamo kilikuwa nyuma ya duka la vitabu la shemeji huyo, mume wa dada yake. Mpangaji aliyetangulia alikuwa muuza chai. Aliondoka akaacha karo la kuoshea vyombo, meza ya bati, na oveni ambayo mlango wake haukai mpaka uuegemezee stuli. Mbele, karibu na dirisha, palikuwa na rafu aliyoipenda kila mtu, rafu ya vitabu vya kuazima, na penseli ikining'inia hapo kwa uzi. Sheria ya shemeji ilikuwa moja. Ukiazima kitabu cha rafu hiyo unaruhusiwa kuandika pembeni mwa ukurasa, alimradi uandike kwa penseli. Kwa hiyo ukikisoma, unakisoma pamoja na majirani. Mmoja kaandika "huyu bwana muongo", mwingine chini yake kaandika "subiri ufike sura ya tisa".

Kila Jumamosi saa nne asubuhi wasomaji wa rafu hiyo walikutana dukani, watu kumi, siku nyingine kumi na wawili. Walipenda hadithi za namna moja: mtu kafungua kaduka ka mikate, au ka vitabu, mtaa mzima unamkatia tamaa, kisha mtaa mzima unamsaidia. Shemeji alilalamika kwamba ana vitabu chungu nzima vya watu wanaosalitiwa na kufa, na hakuna anayevigusa.

"Hayo tunayaona bure," alijibiwa.

Kitabu kilichochakaa kuliko vyote kilikuwa riwaya ya mjane anayeoka keki zisizo na yai, maziwa wala siagi, ndani ya duka la vitabu aliloachiwa na marehemu mumewe. Ukurasa wa arobaini na moja keki yenyewe iliandikwa kwa vipimo vyake: unga, sukari, mafuta, magadi, siki, maji ya uvuguvugu. Katika hadithi iliumuka mara ya kwanza. Jirani aliyekuwa hasalimii akasalimia.

Mpaka jana Bi Kijiko aliipenda hadithi hiyo. Leo alianza kuiona ina dharau. Kurasa mia tatu, na hakuna popote ambapo mtu anasugua kopo.

Isingekuwa Mwalimu, angekwisha kuacha. Mwalimu, mama mstaafu mwenye miwani ya kamba, ndiye aliyeanzisha kikundi hicho cha kusoma. Hakula chochote kilichotoka kwa mnyama. Si nyama, si yai, si maziwa, hata asali. Kwa miaka minne, kila Jumamosi sahani ya keki ilipozunguka, yeye aliipokea kwa adabu, akampa aliyefuata, akanywa maji yake. Wakimsihi aliwaambia, "Nyie kuleni. Mimi nimeshiba hadithi." Watu walicheka, wakazoea. Bi Kijiko alicheka lakini hakuzoea. Sasa Mwalimu alikuwa anahama. Jumapili anasafiri kwenda kukaa kwa binti yake, mji wa mbali, na harudi. Kesho ndiyo Jumamosi yake ya mwisho. Bi Kijiko alitaka kitu kimoja tu: kesho sahani ikifika kwa Mwalimu, isipite.

Akaweka kingo za keki kwenye gazeti, akaosha mikono, akakifungua tena kitabu cha mjane mezani. Akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni kwa mara ya tano. Hakuna alichoruka. Hilo ndilo lililomuudhi. Angekuwa amekosea, angejua pa kushika.

Fundi Saa akaingia bila kubisha. Kibanda chake kilikuwa mlango wa pili, na jioni alikuwa na desturi ya kuja kuomba maji ya moto. Akamega ukingo wa keki, akautafuna, kisha akaacha kutafuna.

"Dada, hii ni ya kula au ya kuogea?"

"Sema vizuri."

"Nimesema vizuri. Ina povu."

"Nimefuata kila kitu," Bi Kijiko alisema. "Magadi vijiko vinne, nimevisawazisha vyote."

"Vinne? Nani kasema vinne?"

Akamsogezea kitabu. "Kilichochapwa ni kimoja. Hapa kulia kuna penseli, 'ongeza kijiko kimoja'. Huu si mwandiko wako?"

Fundi Saa akashusha miwani kutoka kwenye paji la uso. "Wangu huo."

"Kushoto Nesi wetu wa Jumamosi naye kaandika 'ongeza kimoja'. Na chini kuna mtu wa tatu, 'kimoja zaidi'. Kimoja na vitatu ni vingapi?"

"Lakini dada, mimi nilitaka viwe viwili."

"Na Nesi?"

"Atakuwa naye alitaka viwili hivyo hivyo. Na huyu wa chini, sijui ni nani huyu..." Akainama. Kisha akainua kichwa kuelekea dukani. "Bwana Vitabu, hebu njoo uone mkono wako."

Shemeji akaja na kitambaa cha vumbi begani. Akautazama ukurasa, akakohoa kidogo. "Ni wangu. Nilitaka viwili."

"Hukuona wenzako wameshaandika?" Bi Kijiko aliuliza.

"Niliona. Nilikuwa nawaunga mkono."

Bi Kijiko akafumba macho kidogo. Hakuwa mwepesi wa kumlaumu mtu; kwanza alipenda kuuliza hadi mwisho. "Sawa. Ulipoweka hivyo viwili, ilitokaje?"

Stuli ililalamika kwenye mlango wa oveni.

"Shemeji, nakuuliza wewe."

"Mimi dada yako haniruhusu kushika hata chumvi. Unajua hilo."

"Fundi?"

"Dada, mimi nina birika la umeme na sufuria moja. Oveni nitaitoa wapi?"

"Kwa hiyo hukuoka."

"Nilisoma," alisema Fundi Saa, na akaona haya ya kweli. "Nilikuwa nimefika hapo, yule mjane kaalika mtaa mzima, nikaona kijiko kimoja ni kidogo. Nikamwonea huruma. Nikaona atadhalilika mbele za watu."

Shemeji alikwenda kumpigia Nesi simu. Akarudi polepole kuliko alivyokwenda. "Anasema aliandika akiwa ndani ya basi. Anasema mjane alimkumbusha shangazi yake."

Bi Kijiko alikaa juu ya kreti. Keki mbili, siku mbili, kidole kimoja kimeungua, yote kwa sababu watu watatu walimhurumia mwanamke asiyekuwepo. Na yeye naye, badala ya kumchagua mmoja, alimtii kila mmoja, maana wote walikuwa wenzake na maandishi ni maandishi. Alijiona mjinga, akakasirika zaidi kwa kujiona hivyo.

"Nyie watu," alisema, sauti ile ile ya chini. "Pembeni mwa maneno ya mapenzi andikeni mpendavyo. Pembeni mwa magadi, mtu awe ameoka."

"Ni haki kabisa," alisema Fundi Saa, akaweka kipande chake cha keki mezani kwa heshima.

Kengele ya mlango wa duka ikalia. Shemeji akachungulia, akarudisha kichwa haraka. "Mwalimu. Ficheni."

Fundi Saa akalifunika kopo kwa gazeti, kisha akasimama mbele yake akijinyoosha. Huko mbele walimsikia shemeji akimuuliza Mwalimu habari za safari, habari za mizigo, habari za binti, habari za mizigo tena.

"Umeshaniuliza mizigo," sauti ya Mwalimu ilisema. "Nimeleta kitabu changu cha mwisho. Na nani anafua huko nyuma? Nasikia harufu ya sabuni."

Akawa ameshaingia. Bi Kijiko akasimama. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu." Alimtazama Fundi Saa, akatazama gazeti lililochomoza nyuma ya kiuno chake, akatazama kitabu kilicho wazi. Alikwenda mezani, akaweka kidole kwenye ukurasa wa arobaini na moja. Hakukiweka kwenye magadi, palipojaa penseli. Alikiweka juu zaidi, kwenye unga, mahali ambapo palikuwa na doa la mafuta. Bi Kijiko alikuwa ameliona doa hilo siku zote, akadhani ni uchafu wa rafuni. Kidole kilipotua hapo, kililifunika doa lote.

"Unga ndio mwingi," alisema Mwalimu. "Vikombe vitatu vinailemea. Viwili na nusu. Magadi yaache kimoja kama yalivyochapwa."

"Mwalimu, umewahi kuioka?"

"Mara mbili. Mwaka ule kitabu kilipofika, mimi ndiye niliyeazima wa kwanza. Ya pili ilikubali."

Bi Kijiko akakivuta kitabu kwake. "Mbona hukuandika?"

"Nimefundisha miaka thelathini na minane nikiwakataza watoto kuandika kwenye vitabu. Nije kuandika uzeeni?"

"Penseli inaruhusiwa hapa."

"Inaruhusiwa na mwenye duka. Mimi sijajiruhusu."

"Basi walioandika hawakuoka, na aliyeoka hakuandika," Bi Kijiko alisema, na Fundi Saa akapata shughuli ya ghafla ya kukunja gazeti.

Bi Kijiko akajikaza akauliza jingine. "Na hiyo iliyokubali, ilikwenda wapi? Mbona hukuileta Jumamosi?"

Mwalimu akavuta kreti, akakaa. Alichukua muda kupanga mkoba wake mapajani. "Niliila mwenyewe. Siku tano. Siku ya tano nilikuwa naichovya kwenye chai ya rangi, imekuwa ngumu kama kifutio."

"Lakini tungekula wote."

"Mngekula kwa heshima. Mimi naijua heshima ya wanafunzi. Wangesema tamu sana, Mwalimu, kisha kipande kinaishia chini ya kiti. Nikaona heri maji."

Hakuna aliyeweza kuapa kwamba lisingetokea. Bi Kijiko akakumbuka Jumamosi zote zile, sahani ikipita. Hasira yake haikuisha, ila sasa hakujua aielekeze wapi. Ilizunguka chumba kama nzi.

"Ya kesho ilikuwa siri," alisema mwishowe.

"Kesho nitakuwa nimesahau," alijibu Mwalimu, uso mkavu. "Mimi ni mzee."

Akasimama kuutazama mlango wa oveni, akaugusa kwa kiatu. "Huu haufungi?"

"Mpaka stuli."

"Oveni yangu ilifungika vizuri," alisema Mwalimu, akaishia hapo.

Nje mlinzi wa jengo akagonga geti kwa rungu, ishara ya kwamba saa kumi na mbili imekaribia na anataka kufunga. Bi Kijiko akatazama oveni iliyopoa. Ilihitaji nusu saa kushika moto, na keki karibu saa nzima. Haiwezekani. Ingekuwa kesho, saa moja asubuhi, mara moja tu, bila ya majaribio.

Basi akafanya lililowezekana. Akapima vikombe viwili vya unga, akavisawazisha kwa kisu, kisha nusu, akaisawazisha nayo, akachekecha vyote kwenye bakuli. Akapima kijiko kimoja cha magadi kwenye kisosi, akakitazama kwa muda. Kilionekana kidogo mno. Mkono ulimwasha kuongeza. Akakifunika kisosi kwa kisosi kingine upesi, kabla naye hajamwonea mtu huruma.

Fundi Saa alikuwa amepiga magoti mbele ya oveni, anachezesha bawaba. "Kesho saa moja niko hapa na bisibisi. Nitaufunga mlango huu utulie."

"Umewahi kutengeneza oveni?"

Fundi Saa akafikiri. "Nimesoma," alisema.

Bi Kijiko alichukua kifutio kutoka meza ya shemeji, akakisimamisha juu ya ukurasa. Shemeji akasema labda wangu uuache, ni wa kuunga mkono tu. Bi Kijiko akakirudisha kifutio mezani. Mikono yake ilikuwa imechoka, na kufuta nako kunataka utulivu. Badala yake akaenda mbele rafuni, akaivuta penseli kwa uzi wake mpaka uzi ukakaza, akamnyooshea Mwalimu aliyekuwa amemfuata.

"Viwili na nusu," alisema. "Tuandikie wewe, kabla hujaondoka."

Mwalimu aliitazama penseli, lakini hakuipokea. "Kesho," alisema. "Nikishakula."

Mlinzi akagonga mara ya pili. Bi Kijiko akajaza maji kwenye kopo lenye kile kiini kilichogoma kutoka, akaliacha ndani ya karo lilowe mpaka asubuhi, akazima taa ya nyuma.