Bustani Juu ya Chumba cha Mama

Mlango wa chumba cha mama ulianza kukataa kufungika wiki ileile nyanya za kwanza zilipoanza kugeuka rangi. Mkaza mwana, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa ajili ya cherehani yake, aliusukuma kwa bega, ukalia kama mbuzi, ukaishia katikati. Akadhani ni unyevu. Mbao huvimba, nani asiyejua? Mumewe akaleta randa, akaukwangua upande wa juu mpaka maranda yakajaa sakafuni, nao ukafungika vizuri. Hazikupita siku nyingi ukakwama tena, palepale.

"Huu mlango unanenepa," mume akasema, akaupiga randa mara ya pili, huku akiimba.

Kuimba kule ndiko kulikomfunga Fundi mdomo. Maana mumewe, aliyeitwa Karani mpaka leo ingawa kazi ya ghala alishaiacha kwa uzee, alikuwa amekaa miezi mingi bila hata kupiga mluzi. Alikuwa mtu wa kuamka, kuvaa shati lililopigwa pasi, kufunga vifungo vyote, halafu kukaa kwenye kiti cha ukumbini na kugombana na redio. Akiletewa chakula, anakisukuma. Akisemeshwa, anasema, "Mimi sasa ni wa kufukuzia nzi tu."

Kilichomwinua ni kijiti cha mnanaa. Fundi alikuwa amekitia kwenye glasi ya maji dirishani jikoni, akakisahau. Siku moja Karani akaja ameibeba ile glasi kwa mikono miwili kama amebeba yai. "Njoo uone! Kimeota mizizi. Mimi nilikuwa nakitazama tu, na kimeota!"

Basi ndiyo ikawa safari. Mnanaa akaupa ndoo yake peke yake, kwa sababu aliambiwa sokoni kwamba mnanaa ukichanganywa na mimea mingine huinyang'anya makazi. Vitunguu majani akavikata, vichwa vyenye mizizi akavirudisha ardhini, vikachipua upya kama havikuonja kisu. Mbegu za giligilani akazisugua kwanza chini ya chupa zipasuke. Mbegu za mchicha, ambazo ni ndogo kuliko subira ya mtoto, akazichanganya na mchanga mkavu ndipo akazinyunyiza, zisiangukie mahali pamoja. Figili zilitoka upesi hata akawa anaita watu barabarani waje wazione. Nyanya akazifunga kwenye vijiti kwa vipande vya nguo kutoka kapu la mkewe.

Na vyote hivyo aliviweka juu ya paa. Nyumba yao haikuwa na ua wa maana, ila paa lake lilikuwa bapa, la zege la zamani, lenye ukingo pande zote na ngazi ya nje nyuma ya jikoni. Karani akapandisha huko droo za kabati bovu, sinki lililopasuka, masanduku, na mwisho beseni kubwa la chuma la kuogea, lililohitaji wanaume wanne na matusi mengi. Udongo ulipanda kwa ndoo, mkavu, mwepesi kama unga. Hakuna aliyejiuliza utakuwa mzito kiasi gani ukishakunywa maji. Masanduku hayakuwa na matundu chini, maana bwana mpya wa shamba hataki tone lipotee. Nalo lile beseni alilisogeza mpaka mahali penye jua zuri kuliko pote, ambapo palikuwa sawasawa juu ya kitanda cha mama yake.

Mama huyo, mkwe wa Fundi, miguu yake ilikuwa imeshamkataa muda mrefu. Alilala, aliketi, aliamuru. Asubuhi moja akatema chai.

"Mkaza mwanangu, leo umenitilia mchanga badala ya sukari?"

Fundi akatazama kikombe. Vumbi jeupe lilikuwa linaelea. Akainua macho darini, akaona ufa mwembamba kama uzi, unatoka kwenye taa kuelekea kona ya dirisha. Akaleta chaki yake ya kuchorea vitambaa, akapanda kigoda, akatia alama pale ufa ulipokomea. Kesho yake ufa ulikuwa umeivuka chaki. Akatia nyingine. Ukavuka. Baada ya muda dari likawa na alama za buluu zimefuatana, kama mtu anayempima urefu mtoto anayekua.

Akamwonyesha mumewe.

"Nyumba zote zina nyufa," Karani akasema. "Hata uso wangu unazo."

"Zako haziongezeki kila siku."

"Na usianze na ile methali ya ufa na ukuta, tafadhali. Naijua tangu darasa la pili."

"Mume wangu, ule udongo ni mzito. Walau lile beseni lishushwe."

Karani akamtazama, na uso ukarudi kuwa ule wa kwenye kiti cha ukumbini. "Sema tu unataka nikae tena nisikilize redio. Sema. Mtu akipata kitu kidogo cha kumfurahisha, ndani ya nyumba yake mwenyewe, lazima atokee wa kumhesabia makosa."

Fundi akaona aibu, kana kwamba amemnyang'anya mtoto kijiko mdomoni. Akaenda upande wa pili, kwa mama. Akambembeleza ahamie chumba cha cherehani, kilichoongezwa baadaye, chenye paa jepesi la bati.

"Nikalale na mavazi ya watu?" mama akasema. "Chumba hiki ndimo alimofia mume wangu, na mimi nitafia humu."

"Ndicho ninachoogopa, mama."

"Ulimi wako! Mwanangu anajua anachofanya. Mboga zake tunazila, au hatuzili?"

Walizila, kweli. Mchicha laini, giligilani inayonukia mpaka barabarani. Fundi alizitafuna huku akisikiliza juu.

Mawingu ya mvua yalipoanza kujikusanya, Karani akafurahi kama bwana harusi. Fundi akakuta kapu lake la vitambaa tupu. Akauliza. "Nimeazima," akajibiwa. "Maji yote yale ya bure kuyaacha yakamwagike mtaroni ni dhambi."

Hakuelewa. Alikuja kuelewa mchana mmoja, mvua iliposhuka kwa fujo. Karani alikuwa ametoka kupeleka miche kwa jirani. Fundi alikuwa anapiga pindo, akatupa jicho dirishani, mguu ukasimama kwenye cherehani. Lile bomba la ukutani linaloshusha maji ya paa, ambalo kila mvua hutema maji kama ng'ombe, lilikuwa kavu. Mvua inapiga kila kitu, na bomba halitoi hata mate.

Akapanda ngazi mbio. Juu, maji yalimfika vifundoni. Mchicha umezama, nyanya zinatikisika kwenye vijiti vyake. Tundu la kutolea maji lilikuwa chini ya lile beseni, limeshindiliwa kwa fimbo vitambaa vyake mwenyewe. Aliuona mkia wa hariri nyekundu ukichezacheza majini, mkono usifike. Akalivuta beseni. Halikusogea hata kwa salamu. Basi akashika sanduku la kwanza la mchicha, akalipindua likaanguka uani. Akashika la pili.

"Umerogwa wewe?" Karani alikuwa ngazini, mwavuli umepinduka. "Acha! Fundi, acha!"

"Mama yuko chini ya maji haya!"

"Ni mvua! Mvua hunyeshea nyumba zote!"

"Umeziba tundu. Vuta na mimi, beseni hili siliwezi peke yangu."

Hakuvuta. Aliinama, akaokota mche wa nyanya uliovunjika, akautazama. "Vizuri," akasema polepole. "Mimi nakwenda kukaa na mama, chini ya ufa wako. Nitakaa palepale mpaka uone kwamba hauanguki."

Akashuka. Fundi naye akashuka nyuma yake, roho mkononi. Alimkuta ameketi kitandani kwa mama yake, maji yanamchuruzika, mikono amekunja kama mtoto aliyenuna. Mlango ulikuwa nusu wazi, na fremu yake imeegemea upande. Fundi akachukua pasi yake nzito ya mkaa, akaipachika chini ya mlango usiweze kujifunga. Ndipo akasimama kizingitini.

"Toeni mguu humo, nawaomba."

"Sitoki," Karani akasema.

Mama akageuza shingo, akatazama dari. "Nani huyo anatembea juu?"

Karani akainua macho.

"Anatembea taratibu," mama akasema. "Sasa yuko dirishani. Mwanangu, umeacha mtu juu?"

"Hakuna mtu, mama," Karani akasema. Lakini naye alikuwa amesikia. Tik. Kimya. Tik, tik, kutoka kwenye taa kwenda ukutani, kama kisigino cha mtu asiye na haraka. Kisha kitu kikakoroma ndani ya zege, kirefu, na kipande cha lipu kikamwangukia gotini. Karani akakishika.

Akatia mkono mmoja chini ya mgongo wa mama, mwingine chini ya magoti, akamwinua na mashuka yake. Mama akaanza, "Niache, nimesema nitafia hu..." na Karani akapita naye mlangoni ubavu-ubavu, maana nafasi ilikuwa imebaki ya mtu mwembamba, huku Fundi akimvuta kwa ukosi.

Hakikuwa kishindo kama mtu anavyodhania. Ilikuwa sauti ya kitu kizito kinachoketi. Upepo wa vumbi ukawasukuma ukumbini, na Fundi alipogeuka, chumba hakikuwapo. Palikuwa na udongo mweusi, maji, chuma, na mguu wa kitanda.

Wakatoka nje wote watatu. Barabarani mvua bado inanyesha. Fundi akamfunika mama kwa kitambaa cha mteja alichokuwa nacho begani, wakamketisha kibarazani kwa jirani wa ng'ambo. Watu wakaanza kutoka milangoni, mikono vichwani. Mama, kwa mara ya kwanza, hakuwa na amri ya kutoa.

Karani alisimama akitazama nyumba. Nusu ya paa ilikuwa imebaki, imeinama kidogo. Juu yake droo za giligilani zilikuwa zimesimama salama, majani yamenyooka, yanakunywa.

"Zile za upande ule hazijaguswa," akasema, kwa sauti ya chini. "Nikipitia ngazi ya nyuma, nitakuwa nimerudi sasa hivi."

Akapiga hatua. Fundi akamshika shati mgongoni, kwa mikono yote miwili. Akavuta, naye akavuta, na mshono wa bega ukaanza kuachia, uzi mmoja mmoja. Huko mbele paa likakoroma tena.

Mama akainua kichwa kutoka kwenye kile kitambaa.

"Mshike, mwanangu," akamwambia Fundi. "Usimwachie huyo."