Kiota cha Nane

Jumanne, tarehe 12 Machi, mwaka 2019, kulipopambazuka, mama mmoja mfuatiliaji wa sokwe alishika njia ya msituni roho ikiwa juu. Wenzake walimwita Mama Darasa, kwa kuwa alijifunza kusoma ukubwani. Sokwe jike waliyemwita Shangazi alinaswa na waya wa mtego kiganja cha kulia, na sasa hakuwa ameonekana kwa siku hamsini na tisa. Zikitimia sitini, jina lake lingefutwa daftarini, na daktari wa wanyama asingeitwa kumfungua.

"Dada, shangazi yako ameolewa mbali," alitania mwenzake wa zamu. "Turudi tukanywe chai."

"Shemeji, kama miguu imechoka, sema miguu. Usimsingizie Shangazi," alijibu Mama Darasa, aliyezoea kumwita hivyo kwa utani.

Sokwe hutandika kiota kipya kila jioni, nao kazi yao ilikuwa kuvihesabu asubuhi. Walikuta saba, majani yangali mabichi. Pembeni, chini kidogo, palikuwa na cha nane, kimejengwa ovyo.

"Hicho ni cha mtoto anayecheza, hakihesabiwi. Andika saba, twende."

Mama Darasa hakuandika. Wiki mbili nyuma alikipita kiota kama hicho kwa wazo hilohilo. Safari hii alikizunguka. Kiota cha mchezo hakilaliwi. Chini ya hiki palikuwa na kinyesi kibichi. Tena matawi yote yalikunjwa kutoka kushoto; upande wa kulia haukuguswa. Akakumbuka herufi zake za kwanza, zilivyolala upande mmoja, hata mwalimu akazitambua pasipo jina.

"Aliyejenga hapa ana mkono mmoja," alisema.

"Mkuu wa kituo atatucheka, dada."

"Acheke akishasoma."

Akaandika mwenyewe, polepole: *Kiota cha nane. Shangazi. Yu hai.* Kisha wakafuata matawi yaliyovunjika hadi kwenye mti wa tini. Huko juu alikuwapo, amekonda, mkono wa kulia kifuani, wa kushoto ukichuma tini bila haraka.

Shemeji mtu alishusha darubini, akakohoa. "Mbona amependeza!" Akaita kituoni kwa redio: daktari aje kesho.

Ewe uliyesoma, usiufiche ukurasa huu kabatini. Msomee jirani, na hasa yule ategaye waya.