Ubao wa Mwalimu Damien

Kule kambini kwa waliokimbia vita, ng'ambo ya mtaa wa Ndosho, hema moja lilikuwa na kazi mbili: siku za juma masomo, siku ya Mungu misa. Kila Jumamosi jioni katekista Wenceslas aliufuta ubao kwa kitambaa chenye maji, akaegemeza msalaba juu yake, akatandika altare.

Jumamosi hiyo alimkuta Masika amesimama mbele ya ubao. Mume wake, Damien, mwalimu wa hesabu, alikuwa ameuawa na bomu jana yake, akirudi kutoka soko la Kituku kununua samaki wadogo wa sambaza. Angeagwa kwenye misa ya asubuhi, humo humo hemani. Mwandiko wake ulikuwa bado ubaoni.

"Mama, pole sana. Lakini hii nitaifuta. Hapa ni altare, haiko kalasi."

"Katekista, hautaifuta."

"Bwana yako mwenyewe alikuwa anasali Noeli tu!"

"Na Pasaka, kama mvua hainyeshi."

Wazee waliokuwa wakipanga viti walicheka, kisha wakaona haya. Masika hakucheka.

"Unajua aliandika nini?"

"Namba."

"Zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Mbili, tatu, tano, saba. Alikuwa anaonyesha watoto kwamba hazina mwisho. Wewe kila misa unasema milele na milele. Umeshaionyesha?"

"Ile ni imani, mama. Haionyeshwi."

"Basi yeye alipata kipande cha hiyo milele kinachoonyeshwa. Kwa nini kitoke mbele ya Mungu?"

Maji ya kitambaa yalimdondokea katekista miguuni. "Lakini hakumaliza," alisema polepole. "Mstari umekatika."

Kweli, kengele ya mwisho wa somo ilikuwa imemkatiza. Masika, aliyesoma na Damien benchi moja kule Masisi, akaokota chaki.

"Tuseme zina mwisho," alisema akiandika. "Zizidishe zote pamoja, kisha ongeza moja. Namba utakayopata, igawanye kwa yoyote kati ya zile: moja inabaki. Basi iko nyingine ambayo hatukuiweka. Useme umezimaliza, iko ingine tena."

 Wenceslas akaenda kukamua kitambaa nje, akarudi, akausimamisha msalaba pembeni, usifunike hata tarakimu moja.

Asubuhi sanduku la Damien liliwekwa chini ya mwandiko wake. Masika alikaa mbele, shingo wima. Wanafunzi walipopita kumpa pole, mmoja alinong'ona: "Mama, ule mstari wa mwisho haufanani na ya mwalimu. Ni nani aliandika?"

"Ni mimi," alisema, na sauti yake ikafika nyuma. "Muke wake."