Kitambaa cha Kipima Moshi

Mimi uchafu siupendi. Kwangu hapa Wamagana kila kitu kina kitambaa chake: redio, viti, hata mtungi wa gesi niliufumia chake cha manjano. Kwa hivyo mwaka jana, yule binti mtafiti, Nkirote, alipotundika kidude cha kupima moshi kwenye jikoni yangu ya zamani ya kuni, kule nyuma, nilingoja aondoke, nikakivalisha nailoni na kitambaa juu. Masizi yangekimaliza, jamani!

Kazi yake alinieleza vizuri. Serikali ilipunguza ushuru wa gesi ili tuache kuni, naye hurudi mwaka baada ya mwaka kuona kama moshi unapungua kweli au ni maneno ya redioni tu. Gatimu, kitinda mimba wangu, akadakia: "Kikionyesha moshi, Mami, hiyo jikoni nabomoa. Daktari alisema kifua chako hakitaki."

Na kweli napika kwa gesi. Ubishi wa nini? Chai inachemka kabla sijapata kikombe. Lakini baridi ya jioni ikishuka, nilikuwa naenda kule nyuma, nawasha vijiti vyangu viwili vitatu, nakaa. Ng'ambo ya moto pana stuli ya Gikonyo, marehemu mume wangu. Hapo ndipo alipokausha koti akitoka kuchuma majani chai, akisukuma kuni ndani kwa kidole cha mguu, nami nikimfokea kwamba ataungua. Hakuungua hata siku moja, mkaidi yule! Namkumbuka sana. Jikoni ikibomolewa, nitakaa naye wapi?

Juzi Nkirote akarudi. Akatazama simu yake, inayopokea vipimo vya kile kidude, akacheka. "Shosho, hongera! Mwaka mzima hakuna moshi. Hapa kwako sera imefaulu kushinda kijiji kizima."

Nikafurahi. Nilidhani vijiti vyangu ni vichache mno, havihesabiki. Kisha akaingia na Gatimu kuchukua kidude chake.

"Shosho! Umekifunika?"

"Sasa ulitaka kichafuke?"

Gatimu aliinama, akagusa jivu. Lilikuwa bado na joto la jana. "Mami, uliniambia umeacha."

"Kupika nimeacha. Hapa nakaa na baba yako."

Gatimu aliitazama ile stuli. Nikakitoa kitambaa mwenyewe. "Andika ukweli," nikamwambia Nkirote. "Chakula ni cha gesi. Moshi ni wangu mimi, Wakiuru. Na wewe Gatimu, kama ni kubomoa, bomoa kesho. Leo acha niwashe."

Nikawasha. Nkirote akakohoa, akasogea mlangoni. Gatimu akaketi chini kando ya stuli, hakuigusa.

"Nitaweka bomba la kutoa moshi," akasema polepole.

Halafu akavua kiatu, akanyoosha mguu, akasukuma kuni ndani kwa kidole. Alikuwa mdogo sana baba yake alipokufa. Hilo hakufundishwa na mtu.

"Utaungua wewe!" nikafoka, na machozi yakanitoka.