Maharagi Meupe ya Kantini

Mwaka wa sitini na nane, kama ungeuliza pale kilimani Mushaki ni nani anayeendelea kwa haraka, usingeonyeshwa mwenye ng'ombe. Ungeonyeshwa mwenye ungo. Na ungo uliotisha kuliko yote ulikuwa wa Verdiane, mke wa Nzabandora. Vidole vya mama yule viliweza kutoa haragi jeupe katikati ya wenzake wa rangi nyingine huku mwenyewe anaongea, anacheka na kumfukuza kuku kwa mguu.

Zamani hakuna mwanamke wa kilima kile aliyechambua maharagi kwa rangi. Mbegu ya nyumba ilikuwa mchanganyiko: mekundu, meusi, ya manjano, yenye madoa kama yai la ndege, na meupe machache. Msichana akiolewa, mama yake alimjazia kitunga, naye akaenda kupanda kama kilivyo, shimo kwa shimo, chochote kilichokuja mkononi. Mvua ikizidi, mengine yalioza na mengine yakanenepa. Jua likikaza, yale yaliyooza mwaka jana njo, yaani ndiyo, yaliyonenepa. Yapi yangefika kwenye chungu hakuna aliyejua, ila chungu hakikukosa kitu.

Halafu akaja Faustin. Alikuwa mtoto wa palepale Mushaki, amesoma sekondari, na sasa alitembea na kalamu mbili mfukoni mwa shati, moja ikiwa imekauka. Alikuwa mnunuzi wa kantini ya kampuni moja iliyochimba kasiterite upande wa Walikale, lile jiwe zito jeusi ambalo wazungu hulipeleka kwao, kuliyeyusha na kupaka makopo yao. Bei ya jiwe huko ng'ambo ilikuwa imepanda, wachimbaji wakaongezwa, na matumbo yao yakaja pamoja nao. Basi siku ya soko Faustin alisimama kwenye kamyo, lori la kampuni, akatangaza kwamba kantini inataka maharagi, mengi, kwa bei nzuri, lakini meupe tu.

Watu walidhani amepitia kwenye pombe ya ndizi. Akawaeleza kwa upole kwamba msimamizi wa kantini amechoka na sufuria ambayo nusu imeiva na nusu bado inagonga meno.

"Maharagi yenu iko kama watoto wa darasa moja," alisema. "Mumoja amemaliza shule, mwengine angali kwa herufi A."

Kwa hilo hakudanganya, kila aliyewahi kupika mchanganyiko anajua.

Verdiane alianza kwa kuuza yale meupe ya kwenye ungo. Msimu uliofuata akapanda meupe matupu shamba la juu, na msimu wa tatu shamba la chini. Yale ya rangi wakayala mpaka yakaisha. Na faida ilionekana, tusiibanie sifa yake. Athanasie, binti yao, aliingia shule ya masista na minervali, ada ya shule, ikalipwa kabla hajafukuzwa hata mara moja. Nzabandora alinunua kinga, baiskeli mpya iliyotoka ng'ambo. Kwa milima ya kwetu, akiteremka alikuwa bwana mkubwa, akipanda alikuwa mpagazi wake. Kweli, meupe hayapendi mvua nyingi, na mwaka mmoja nusu yalioza. Lakini nusu iliyobaki iliuzwa vizuri, wakanunua unga wa muhogo sokoni, na hakuna aliyelala njaa.

Aliyemkera Verdiane ni wifi yake Godelieve, dada ya Nzabandora, mulamu kama tunavyosema sisi, aliyelima ng'ambo ya mtaro. Godelieve aliendelea na mchanganyiko wake. Siku moja Verdiane alimwambia mbele ya watu kwamba shamba lake liko kama nguo ya viraka. Godelieve akajibu kwamba afadhali viraka kuliko shati lisilo na mgongo. Watu walicheka sana, na si kwa upande wa Verdiane.

Mwanzo wa mwezi wa tisa, mvua ikiwa karibu, Faustin alifika nyumbani kwao kwa miguu. Kamyo aliiacha barabarani, na hakubeba magunia. Alibeba kopo moja. Akalifungua kwa kisu, akawapa kijiko.

Nzabandora alitafuna polepole, kama mtu aliyeulizwa neno na padri.

"Hii iko maharagi?"

"Njo yenyewe, Papa."

"Nani alitia sukari?"

Faustin hakujua. Alichojua ni kwamba zile kamyo zinazopeleka jiwe mbali huko zilikuwa zikirudi tupu, na sasa hazirudi tupu tena. Kopo haliombi kuni, halina mawe, haliliwi na wadudu, na mpishi kazi yake ni kufungua. Kantini haitanunua tena maharagi ya kilima. Aliyasema akitazama viatu vyake, maana na yeye hakuwa na hakika kama mnunuzi asiye na cha kununua ataendelea kulipwa.

Verdiane alilizungusha kopo mkononi.

"Si hii kopo njo wanapaka ile jiwe ya Walikale?"

"Wanasema vile, Mama."

"Basi jiwe yetu ilienda ng'ambo, ikaoa maharagi ya watu, ikarudi nayo nyumbani. Na sisi hata kualikwa hatukualikwa."

Faustin alicheka kidogo, akaaga.

Nyumbani palibaki magunia mawili ya mbegu nyeupe. Mvua ikiwa ya wastani, wangekula. Ikizidi, yangeoza, na safari hii hakuna wa kununua nusu iliyopona, kwa hiyo hakuna unga wa sokoni. Verdiane alihitaji mchanganyiko kabla ya kupanda, na karibu kilima kizima kilikuwa kimechambua kama yeye. Nzabandora alijitolea kwenda kwa dada yake. Verdiane akakataa: mdomo uliotukana uende wenyewe.

Godelieve, amejifunga blanketi jipya, alimpa kiti kizuri, na hapo Verdiane akajua kwamba atateswa. Mulamu wake alieleza habari za kuku, za goti lake la kushoto, za mahubiri ya Jumapili, za goti la kulia. Jua lilisogea. Mwisho Verdiane alimkatiza.

"Mulamu, nimekuja kuomba viraka."

Godelieve hakucheka, na hilo lilimshangaza. Aliingia ndani akatoka na kitunga, akakiweka chini. Mekundu, meusi, ya manjano, ya madoa. Verdiane akaingiza mkono mpaka chini, akakoroga, akatafuta tena. Hakuna jeupe hata moja.

"Meupe iko wapi?"

"Unafikiri hii blanketi nimevaa niliizaa?" Godelieve aliuliza. "Faustin alikuwa anapitia hapa kwanza kuchukua meupe yangu, mbele afike kwako."

Walitazamana. Halafu Verdiane alianza kucheka mpaka akashika kiti. Meupe njo yanayoiva shambani kabla ya yote, yale yanayomtuliza mtoto wakati mengine bado yako kwenye maua. Misimu miwili Godelieve aliyavuka majuma yale ya kungoja kwa mate tu, na hakumwambia mtu.

Verdiane alileta meupe yake, wakapima ungo kwa ungo. Mkeka ulitandikwa, wakamimina na kukoroga kwa mikono minne, kila mmoja akimwonya mwenzake asiibe.

Mvua iliponyesha walipanda. Lakini chini karibu na barabara Verdiane aliacha kipande kidogo, akakipanda meupe peke yake. Nzabandora alimuuliza kama hajapona.

"Bweremana kule ziwani wako na samaki, hawana shamba," alisema Verdiane. "Na wao wanachoka na sufuria ya kugonga meno. Wasipokuja kununua, tutakula."

Godelieve alikuwa amesimama kwenye mtaro, jembe begani, akijifanya anatazama mawingu.

"Hiyo kipande iko hatua ngapi?" aliuliza.

"Kumi na mbili."

Godelieve alirudi shambani kwake, akaanza kupiga hatua kando ya barabara huku akihesabu kwa sauti ya chini. Alipofika kumi na mbili alisimama, akageuka kuona kama anatazamwa, akaongeza moja.