Bahari Mkono wa Kushoto

Jumanne saa kumi alasiri, Ginette Técher alitandaza ramani ya kisiwa juu ya meza ya jikoni, akaigandamiza pembe moja kwa buli la kahawa. Mama yake, Léonide, aliyefariki miaka kumi na mmoja nyuma, akaingia kwa mlango wa uani, akajifuta miguu, akaketi. Alikuwa akija kila alasiri tangu ifike barua ya mwanawe Wilfrid kutoka Ufaransa.

"Ijumaa tunampokea uwanja wa ndege," Ginette alisema. "Kisha tunashuka naye pwani ya magharibi. Huko kuna jua, kuna mchanga mweupe. Akione kisiwa kilivyo kizuri."

"Magharibi kuna nani wetu?"

"Mama, mashariki mvua kutwa. Halafu ile sehemu ya lava, mawe meusi tu mpaka baharini."

"Si ndiko walikompitishia? Walimchukua bahari ikiwa mkono wa kulia. Atarudi bahari ikiwa mkono wa kushoto. Andika."

Ginette akaandika. Mama yake hakushindwa ubishi alipokuwa hai, na kufa hakukumpunguza.

Gari jeupe lilifika kijijini kwao, Saint-Philippe, mwaka 1966, Wilfrid akiwa na miaka minane. Watu wa ofisi ya serikali walisema atasomeshwa Ufaransa, na kila likizo atarudi. Léonide hakujua kusoma. Alitia dole gumba. Huko Ufaransa mtoto alipelekwa kwenye shamba la ng'ombe, akakamua maziwa mpaka akawa mtu mzima. Likizo hazikuja.

Ijumaa asubuhi Wilfrid alitoka uwanjani na begi moja na koti zito, mzee wa miaka sitini na mmoja. Alimbusu dada yake mashavuni. Kisha akamgeukia Léonide, akavua kofia. Krioli, lugha ya kwao, ilikuwa imemtoka kabisa, kwa hiyo Ginette alifasiri.

"Mwambie nilijua amekufa. Waliniambia nikiwa na miaka tisa. Namwashia mshumaa kila Novemba."

Léonide alimnyoosha ukosi wa koti.

"Mwambie ni kweli nilikufa. Lakini si mwaka ule. Mwaka ule nilikuwa kibarazani nakausha vanila, nimtumie asikie harufu ya kwao."

Ginette alilazimika kuanza upya mara mbili.

Kituo cha kwanza hakikuwemo kwenye mpango. Walikwenda mjini Saint-Denis, kwenye ofisi yenye majalada ya watoto wote waliochukuliwa kama yeye. Karani, mwanamke mpole mwenye miwani, alilifungua la Wilfrid, akasoma: mama amefariki, 1967.

"Naomba lisahihishwe," Wilfrid alisema.

Karani alimtazama Léonide juu ya miwani. "Samahani, bibi. Wewe umefariki?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Basi jalada halijakosea."

"Na tarehe je?" Ginette aliuliza. "Tarehe ni ya uongo!"

"Tarehe hubadilishwa kwa ombi la mhusika mwenyewe, akiwa hai." Akawapa fomu, akawatakia safari njema.

Walishika njia ya mashariki, Ginette kwenye usukani, wale wawili nyuma. Mvua iliwapokea Saint-Benoît. Huko Sainte-Rose walisimama, wakala wali na kari ya kuku kutoka kwenye sufuria, buti la gari likiwa mwavuli wao. Walipofika kwenye lava, mawe ya mlipuko wa mwisho wa volkano yalikuwa bado na joto. Kila tone lilipogusa jiwe liligeuka mvuke, na barabara ikapita katikati ya weupe ule kama uzi ndani ya pamba.

Wilfrid alionyesha mti wenye mizizi mirefu kama miguu, unaoegemea baharini.

"Vakwa," Léonide alisema.

"Fakwa."

"Vakwa. Uliukwea ukavunjika jino, leo huujui?"

"Vakwa," Wilfrid alisema.

Aliuliza jina la ndege, la jani, la mvua nyembamba. Alirudia kila neno mpaka mama yake akatikisa kichwa kukubali. Kisha Léonide akachoka, akalala begani kwake. Mkono wa Wilfrid ulikufa ganzi, naye hakuusogeza.

Kule mjini, kwenye jalada, mama yake alikuwa ametimiza miaka hamsini na miwili kaburini. Ndani ya gari alikuwa akikoroma.