Mguu Mzima wa Dimanche

Muzee Katsuva hakuwa mtu wa kubisha mlango. Alikuwa akisimama uani mpaka aonekane. Asubuhi ile Viviane alipotoka na kikombe chake cha chai alimkuta hapo, shati limelowa jasho. Hata salamu haikumtoka.

"Docta, Dimanche amevunjika."

Bunia nzima ilimjua Dimanche: farasi jike wa rangi ya kahawa iliyokaangwa, na farasi mwingine mjini hakuwepo. Katsuva alikuwa mtunza farasi wa shamba moja huko juu, upande wa Kpandroma. Siku wanamgambo walipolivamia shamba hilo, farasi tisa walichinjwa. Katsuva alitoka na mtoto mmoja wa farasi, akamvuta kwa kamba siku nne, wakaingia Bunia siku ya dimanche, yaani Jumapili, kengele za kanisa zikilia. Mke wake hakutoka. Tangu hapo mabibi arusi walipandishwa juu ya Dimanche, watoto wakapigwa naye picha sikukuu, na mzee akapata chakula. Watu walisema anaongea na yule mnyama kuliko anavyoongea na binadamu, na hawakukosea.

Viviane alikuwa daktari wa mifugo. Kazi yake ilikuwa ng'ombe, mbuzi na nguruwe. Alimkuta Dimanche kando ya mtaro uliochimbwa pembeni mwa barabara, akitetemeka, mguu wa mbele wa kulia hautaki kugusa ardhi. Kiungo cha chini kabisa, kile kilicho juu kidogo ya kwato, kilikuwa kimevimba kama embe. Alipokishika alisikia vipande vya mfupa vikisagana ndani.

"Muzee, iko njia mbili," alisema. "Ya kwanza, nimulalishe asiamuke tena. Ya pili, tufunge kile kiungo."

"Kufunga namna gani?"

"Pale mifupa mbili inakutana, tunakwangua ule ulaini wa katikati, tunakaza chuma na visi, ile misumari ya kuzungusha. Mifupa itaota pamoja, itakuwa mufupa mumoja. Haitakunja tena, lakini haitauma. Kubeba mutu, hapana. Kutembea, atatembea."

"Weye umeisha kufanya ile kazi?"

"Niliiona mara moja, kule Lubumbashi. Mwalimu alifanya, mimi nilishika taa."

Katsuva aliweka kiganja shingoni mwa farasi. "Basi fanya."

Viviane angeweza kumkatalia. Mwalimu wake aliwaambia wanafunzi wazi: farasi hauawi na mguu mbovu, anauawa na mguu mzima unaobeba mzigo wa miwili. Lakini miaka sita alikuwa akichoma sindano za minyoo, na mikono yake ilikuwa na njaa ya kazi kama ile. Alilijua hilo tangu asubuhi ileile, akalinyamazia.

Olivier, daktari wa upasuaji wa watu ambaye Viviane alimwomba msaada, alikuja na mashine ya kutobolea mfupa, mashine ndogo ya kupiga picha za mifupa, na vyuma vilivyokuwa vimebaki kwake. Walimlaza Dimanche juu ya magodoro ndani ya depo tupu ya kuhifadhia mbao. Kazi ilichukua saa nne. Ngumu zaidi ikawa kumwinua. Farasi anayetoka kwenye usingizi wa dawa huamka kwa hofu. Mara mbili Dimanche alijirusha akaanguka, wanaume sita wakining'inia kwenye kamba. Mara ya tatu alisimama, plasta nyeupe mpaka gotini. Katsuva alimkumbatia shingo, akalia bila kujificha.

Siku kumi zilikwenda vizuri. Dimanche alikula majani, alikunywa, alimsukuma mzee kwa pua.

Siku ya kumi na moja Viviane aliinama kuangalia kwato la kushoto, la mguu mzima. Lilikuwa na moto. Alibana kwa vidole nyuma, juu ya kwato, akasikia mshipa ukigonga kwa nguvu. Alijua ni nini. Akajiambia ni jua la mchana. Akaongeza dawa ya maumivu, akafunga mfuko wake.

"Anaendelea muzuri?" Katsuva aliuliza.

"Anaendelea."

Baada ya siku kumi nyingine Dimanche hakusimama tena. Alilala ubavu, jasho likimtiririka, akiguna kila anapopumua. Olivier alileta mashine, wakapiga picha miguu yote miwili ya mbele. Viviane alizishika juani ili mzee aone.

"Huu ni wa kuume. Angalia, mufupa umeanza kushikana."

"Kumbe ulitengeneza muzuri."

"Ndiyo. Huu ni wa kushoto. Nyama inayoshika mufupa ndani ya kwato imeachia. Mufupa unashuka, umekaribia kutoboa chini. Hakuna dawa, muzee."

Katsuva alitikisa kichwa polepole. Alipiga magoti, akasema maneno ya Kinande, lugha yake, kwenye sikio la farasi, kisha akakishika kichwa cha mnyama kwa mikono miwili. Viviane alichoma sindano ya kwanza kwenye mshipa wa shingo, halafu ya pili. Kuguna kukakoma.

Watu walikuwa wamesikia. Walikuja kutoka kambi ya wakimbizi na mabeseni na visu, kimya, kama watu wanaokuja msibani. Viviane aliwaambia nyama ile imejaa dawa, itawadhuru.

"Leo weye umekula?" mwanamke mmoja aliuliza, mtoto mgongoni.

Viviane aliagiza shimo lichimbwe. Watu wa mabeseni walingoja hata shimo lilipokwisha kuchimbwa na chokaa kumwagwa juu ya mzoga, ndipo wakaanza kutawanyika mmoja mmoja.

Katsuva alikuwa akirudishia udongo. Viviane angeweza kuchukua mfuko wake akaenda. Mzee alikuwa amekwisha kumshukuru mara mbili.

"Muzee, niko na neno. Siku ya kumi na moja nilijua. Kwato lilikuwa na moto. Nilikuambia anaendelea."

Koleo lilisimama. "Ungesema siku ile, ungemuponya?"

"Pengine hapana. Lakini asingeumia zile siku kumi."

"Ju ya nini ukanyamaza?"

"Nilitaka mufupa ushikane. Nilitaka kuuona."

Mzee aliangalia udongo, kisha mikono ya Viviane, kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha. Alimpa mgongo, akaendelea kufukia.

"Wende kwako, mama," alisema.

Tangu walipojuana hakuwahi kumwita jina jingine ila docta. Viviane aliokota mfuko wake, akapita katikati ya watu waliobaki na mabeseni yao matupu.